Napaka seramu ya asidi ya hayaluroniki, mbona ngozi inazidi kukauka?

*"Daktari, nina miaka 34 na ninanyonyesha mtoto wa miezi mitano. Uso wangu ni mkavu tangu zamani, na baada ya kujifungua umezidi. Nilinunua seramu ya asidi ya hayaluroniki kwa sababu kila ninayemsikia anaisifu. Naipaka usiku baada ya kuosha uso kwa sabuni na kujikausha vizuri kwa taulo, kisha nalala. Sipaki kitu kingine juu yake. Asubuhi ngozi inanivuta, na pembeni mwa pua inabanduka. Rafiki yangu mmoja ananiambia niache kabla asidi haijaniunguza. Mwingine anasema niichanganye na mafuta ya nywele, kwa kuwa nywele zangu zinatoka sana, hasa mbele, na eti itazirudisha. Nimeona pia vidonge vyake, na kuna mtu wa urembo anayejaza midomo kwa kalamu isiyo na sindano. Nifuate lipi? Na je, mtoto wangu yuko salama?"*

Dada yangu, nianze na la mtoto, kwa sababu najua ndilo lililokufanya uandike. Seramu unayopaka usoni haimdhuru. Asidi ya hayaluroniki haiingii kwenye damu kupitia ngozi kwa kiasi cha kutia wasiwasi, mwili wako wenyewe unaitengeneza kila siku, na hata maziwa ya mama yanayo kwa asili. Usiipake tu kwenye chuchu au mahali ambapo mtoto ananyonya na kulamba, na sababu yenyewe ni manukato na vihifadhi vilivyomo ndani ya chupa.

Sasa tuje kwenye uso. Wewe hujakosea kuchagua, na wala seramu yako si mbovu kwa lazima. Umeitumia kwa namna ambayo karibu kila mtu huitumia mwanzoni, kwa sababu maelezo ya chupa nyingi huishia kwenye sifa. Ukielewa kitu hiki kinafanya nini hasa, utajua pia kisichoweza kufanya, na maswali yako mengine yatajibika kwa urahisi.

Neno "asidi" ndilo linalomtisha rafiki yako, na ana haki ya kuogopa kwa sababu zipo asidi za urembo zinazochubua: glikoliki na salisiliki ni mifano miwili. Hizo hulegeza seli zilizokufa juu ya ngozi ili zidondoke, na ukizidisha, unaungua kweli. Ya kwako haina tabia hiyo hata kidogo. Ni mnyororo mrefu wa sukari za aina mbili zinazopokezana, maelfu kwa maelfu, na inaitwa asidi kwa sababu ya vikundi vya kikemia vilivyomo kwenye moja ya sukari hizo. Vikundi hivyo hubeba chaji hasi, na ndivyo vinavyovuta maji na kuyashikilia. Karl Meyer na John Palmer waliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1934 huko New York kutoka kwenye ute wa ndani ya jicho la ng'ombe. Leo hutumika kwenye matone ya macho makavu, kwenye upasuaji wa jicho na kwenye sindano za magoti. Kitu kinachovumiliwa na jicho hakitakuunguza shavu.

Mtu mzima mwenye kilo 70 ana takriban gramu 15 za asidi hii mwilini, na karibu nusu yake imo kwenye ngozi. Hazikai tu humo: karibu theluthi moja huvunjwa na kutengenezwa upya kila siku. Sehemu kubwa ya ile ya ngozini iko chini, katika tabaka nene lenye kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoishikilia ngozi, ambako hujaza nafasi kati ya nyuzi na kuifanya ngozi iwe imejaa na yenye kurudi ukiibonyeza. Umri na mionzi ya jua huipunguza kidogo kidogo. Hapo ndipo matangazo hupata hadithi yao: umepungukiwa, basi paka, utajazwa.

Ila njia haiko wazi hivyo. Ngozi hupitisha kwa urahisi molekuli ndogo, kwa kawaida zile zisizozidi uzito wa daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Asidi ya hayaluroniki ya kawaida inafika daltoni milioni moja na zaidi. Inabaki juu. Watengenezaji wameikata vipande vidogo, vya daltoni elfu hamsini hivi, na vipande hivyo hupenya zaidi kuliko vile vikubwa. Kuna majaribio yaliyoonyesha kwamba hupunguza mikunjo midogo. Lakini vipande vidogo mno vina upande wa pili: mwili huvitambua kama dalili ya jeraha, na vinaweza kuchochea uvimbe. Ndiyo maana mwenye ngozi inayowaka kwa jambo dogo namshauri achague bidhaa yenye molekuli kubwa na asishawishike na ile inayojisifu kuingia ndani kabisa. Kwenye lebo mara nyingi utaikuta kama sodiamu hayaluroneti. Hiyo ni chumvi yake, na kazi ni ileile.

Kwa hiyo unapoipaka, unaweka utando mwembamba unaoshika maji juu ya tabaka la nje la ngozi. Maji hayo lazima yatoke mahali fulani. Yanaweza kutoka kwenye unyevu ulioachwa usoni baada ya kunawa, kwenye hewa kama ina unyevunyevu wa kutosha, au kwenye ngozi yako mwenyewe kutoka chini. Na utando huo haufungi mlango. Maji yaliyomo yanaendelea kupotea hewani kama hakuna kitu chenye mafuta juu yake.

Tazama sasa usiku wako. Sabuni imeondoa mafuta ya asili ambayo ndiyo kizuizi halisi cha maji. Taulo limemaliza unyevu uliobaki. Seramu imewekwa juu ya ngozi kavu, maji yaliyomo ndani yake yamekauka ndani ya dakika chache, na utando uliobaki umekaza. Ukilala kwenye chumba chenye kiyoyozi au feni inayopuliza usoni, hali inakuwa mbaya zaidi. Hisia ile ya kuvutwa unayoamka nayo ina maelezo hayo, na habari njema ni kwamba inarekebishika bila kununua chupa nyingine.

Badilisha sabuni kwanza. Kama uso unakwaruza kama sahani safi baada ya kuosha, kiosheo hicho ni kikali mno kwako. Tafuta cha krimu kisicho na povu jingi wala manukato, na asubuhi maji matupu yanatosha. Baada ya kuosha, gusagusa uso kwa taulo ukiacha unyevu unaohisika kwa vidole. Weka matone mawili au matatu ya seramu uso mzima. Kabla haijakauka, ndani ya dakika moja hivi, paka krimu nzito kidogo juu yake, ikiwezekana yenye seramaidi, yaani aina ya mafuta yanayoziba nafasi kati ya seli za ngozi. Mahali panapobanduka ongeza vaselini kiasi cha kung'aa tu. Vaselini haina jina la kifahari, lakini katika kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi sijui kinachoishinda. Kama una chunusi nyingi, ibakize kwenye sehemu kavu pekee.

Asubuhi fanya vilevile, kisha malizia na losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi. Jua ni miongoni mwa vitu vinavyoharibu kolajeni na asidi hii hii tunayohangaika kuirudisha, kwa hiyo mtu anayepaka seramu na kuacha kinga ya jua anabomoa anachojenga. Ukiona vijipunje vyeupe vinajiviringisha chini ya vidole, usidhani ngozi inaharibika. Ni utando wa seramu unaogombana na bidhaa ya juu yake. Punguza kiasi, na upake kwa kugusagusa uso kwa vidole taratibu badala ya kusugua.

Jipe wiki mbili. Unyevu na ulaini huonekana ndani ya saa, lakini kizuizi cha ngozi kilichochoka kinahitaji siku kadhaa za kupumzishwa.

Kuhusu asilimia, usikimbizane nazo. Bidhaa nyingi nzuri zina chini ya asilimia 2, na hicho kinatosha, kwa sababu ukizidisha inakuwa ute mzito unaonata na kuvuta. Inayoandikwa "asilimia mia" kwa kawaida ina maana kwamba chupa nzima ni myeyusho wake, na myeyusho huo wenyewe sehemu kubwa ni maji. Na lile tangazo la kwamba hubeba maji mara 1,000 ya uzito wake, lisome kama tangazo. Kwenye maji mengi molekuli zake hutanuka na kuchukua nafasi kubwa sana, na hiyo ni tofauti na kuyashikilia maji hayo yote juu ya shavu lako.

Nikuambie pia jambo ambalo muuzaji hatakuambia: huihitaji kwa lazima. Gliserini hufanya kazi ileile ya kuvuta maji, ina molekuli ndogo zaidi, imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi na kwa kawaida ni nafuu kuliko seramu ya kisasa. Urea katika asilimia 5 hadi 10 ni nzuri vilevile, hasa kwa miguu na viwiko, ingawa usoni inaweza kuwasha. Wagonjwa wangu wanaopenda seramu ya hayaluroniki huipenda kwa sababu ni nyepesi, haina mafuta, haizibi vinyweleo na inakaa vizuri chini ya vipodozi. Hizo ni sababu za haki kabisa. Kama yako imekwisha na bajeti imebana, krimu nzuri yenye gliserini haitakuangusha.

Inachoweza kukupa ni uso usiovuta na mistari midogo ya ukavu inayofifia kwa muda wa saa kadhaa. Mikunjo ya kina haiiondoi, wala haing'arishi ngozi. Ukikutana na bidhaa yenye jina hili inayokufanya mweupe ndani ya siku chache, iache mara moja. Asidi ya hayaluroniki haina uwezo huo, kwa hiyo kuna kitu kingine ndani, na mara nyingi ni haidrokwinoni, steroidi au zebaki. Zebaki inaweza kumfikia hata mtoto unayembeba na kumnyonyesha.

Unaweza kuichanganya na vitamini C au niasinamidi (aina ya vitamini B3) bila tatizo. Haigombani na karibu chochote. Retinoli, aina ya vitamini A, ni swali tofauti. Hiyo na dada zake za dawa huepukwa kwenye ujauzito, na kwa mama anayenyonyesha napendelea tungoje, hasa kwa ngozi iliyokauka kama yako.

Kuna jambo moja kwenye barua yako ambalo sitaki lipite. Kubanduka pembeni mwa pua hakutokani na ukavu kila mara. Kama sehemu hiyo ni nyekundu au imeiva kidogo, magamba yake yana mafuta, na yanatokea pia kwenye nyusi, nyuma ya masikio au kama mba kichwani, huenda ni ugonjwa wa ngozi wenye uhusiano na fangasi aina ya malasezia wanaoishi kwenye ngozi za watu wote. Huo hauponi kwa kuongeza unyevu, na mafuta mengine ya kupaka huulisha. Dawa yake ipo na si ngumu, kwa kawaida krimu au shampuu ya ketokonazoli, ila mtu aliyesomea auone kwanza.

Tuje kwenye nywele. Hapa ndipo nina la kukutuliza zaidi kuliko kote. Umejifungua miezi mitano iliyopita. Wakati wa ujauzito, homoni huzuia nywele nyingi zisifikie muda wake wa kudondoka, ndiyo maana wanawake wengi husema hawajawahi kuwa na nywele nzito kama wakati ule. Baada ya kujifungua homoni hushuka, na nywele zote zilizokuwa zimecheleweshwa huingia pamoja kwenye awamu ya kupumzika. Miezi miwili hadi minne baadaye huanza kudondoka kwa wingi, ukaziona kwenye chanuo, kwenye mto na mkononi unapoosha kichwa. Mbele, juu ya paji na kwenye panja, ndiko huonekana zaidi. Wengi hurudi kwenye hali yao ya kawaida kufikia wakati mtoto anatimiza mwaka au baada kidogo. Mtu yeyote mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, kwa hiyo unachokiona ni jambo la kawaida lililokusanyika.

Hayaluroniki haizuii hilo wala haiharakishi kurudi kwa nywele. Unywele unaouona umekufa tangu unapotoka kwenye ngozi. Unakua kutoka kwenye shina lililo ndani, na kupaka kitu kwenye urefu wake hakuwezi kuuongeza, kama ambavyo kupaka nta ncha ya uzi hakuongezi urefu wa uzi. Inachoweza kufanya ni kuuzungushia utando laini unaoshika unyevu. Unywele wenye unyevu hunyumbulika kabla ya kukatika, hivyo unapochana utapoteza kidogo kwa kukatika. Kwa nywele zilizopakwa rangi, zilizonyooshwa kwa dawa au zilizochoka kwa moto, tofauti hiyo huonekana. Kwa nywele zenye afya utaona ulaini kidogo na basi.

Ukitaka kuijaribu, ipake kwenye nywele zilizo na maji bado, kisha funga kwa kondishena ya kubaki au mafuta. Usiichanganye ndani ya chupa ya mafuta kama ulivyoshauriwa. Inayeyuka kwenye maji tu. Ndani ya mafuta itakaa kama matone yaliyojitenga, na kila utakapomimina utapata mafuta matupu au ute mtupu. Hali ya hewa yenye unyevu mwingi sana inaweza pia kufanya nywele zivimbe na kutimka, kwa sababu utando ule unaendelea kuvuta maji kutoka hewani. Hapo punguza. Kwenye ngozi ya kichwa iliyo kavu tu, bila magamba ya mafuta, matone machache baada ya kuosha yanaweza kutuliza mwasho.

Angalia nywele zinazotoka. Zenye kijipunje cheupe kwenye mwisho mmoja zimedondoka kutoka kwenye shina, na hiyo ndiyo ya uzazi. Vipande vifupi visivyo na kijipunje vimekatika, na vinahitaji unyevu na mikono mipole. Kama zinapungua kwenye ukingo wa mbele tu na unasuka kwa kubana au kuvaa nywele za bandia kwa gundi, legeza leo. Kuvutwa kwa muda mrefu huharibu shina, na shina likishakuwa kovu hakuna seramu wala dawa ya kuliamsha.

Vidonge sivipuuzi kabisa. Yapo majaribio ya miligramu 120 au zaidi kwa siku, kwa wiki nane hadi kumi na mbili, yaliyoonyesha ngozi kuwa na unyevu zaidi. Mafanikio yenyewe ni ya kiasi, na tafiti nyingi ziliwezeshwa na wanaouza vidonge hivyo, jambo linalonifanya nizisome kwa uangalifu. Kwa mama anayenyonyesha, usalama wake haujachunguzwa vya kutosha. Subiri. Hutapoteza kitu.

Kalamu isiyo na sindano, dada yangu, nakuomba usiikubali kabisa, hata kama umeona midomo ya mtu imependeza. Sindano za fila, yaani za kujaza midomo au uso, zinazotolewa na daktari hutumia asidi hii iliyounganishwa kikemia ili isivunjwe haraka, na hukaa miezi sita hadi mwaka na zaidi. Zinajaza kweli, na zina faida kwamba daktari anaweza kuziyeyusha kwa kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi mambo yakiharibika. Hata mikononi mwa mtaalamu, fila ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua nyama ya uso au kuondoa uwezo wa kuona. Kalamu hurusha dawa kwa msukumo wa hewa, na anayeishika hana udhibiti wa kutosha wa inakotua. Oktoba 2021, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi dhidi ya vifaa hivyo, ikitaja madhara kwa ngozi, midomo na macho. Kama unatamani fila, ngoja umalize kunyonyesha, kisha mtafute daktari aliyefunzwa na umuulize wazi kama ana hayaluronidesi hapohapo kliniki. Asiye nayo, ondoka. Na kwa yeyote aliyekwisha kuchomwa: maumivu makali, ngozi kupauka au kupata madoa ya zambarau, au macho kuona ukungu, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Wewe nenda kwa daktari wa ngozi kama baada ya wiki nne za utaratibu niliokueleza pua bado inabanduka, kama ngozi inapasuka, inatoa maji au inawasha hadi kukukosesha usingizi, au kama seramu inaleta vipele kila unapoipaka. Kwa nywele, usingoje zaidi ya mwaka tangu kujifungua, na nenda mapema zaidi ukiona mabaka yasiyo na nywele, maumivu kwenye ngozi ya kichwa, au kudondoka kunakoambatana na uchovu mkubwa, moyo kwenda mbio au kuhisi baridi wakati wengine hawahisi. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo hutokea sana baada ya uzazi, hukausha ngozi na kupukutisha nywele kwa pamoja, na hugunduliwa kwa kipimo cha damu. Siku hiyo beba chupa zote unazotumia, pamoja na ile sabuni, na usipake kitu usoni asubuhi yake, ili daktari aione ngozi kama ilivyo.